Linda Chumba

Kazi yangu ni kusikiliza watu wakieleza mambo ambayo wasingependa kuyaeleza mara ya pili. Nakaa kwenye chumba kidogo ghorofani, Kamwokya, hapa Kampala, spika za masikioni kichwani, natafsiri Kiswahili cha kwetu mashariki mwa Congo kuwa Kiingereza cha mahakamani. Aliyenipa kazi ni mwanasheria, mwanamke mwenye ofisi Nakasero, anayekusanya ushahidi wa watu waliokimbia kijiji kimoja kilichochomwa moto. Mimi mwenyewe ni mkimbizi, ila si wa kijiji hicho. Ndiyo maana aliniamini: lugha ninaijua, na kwenye kesi sina ndugu.

Mwanasheria huyu haamini mtandao. Kompyuta aliyoninunulia ni ya mezani, ya mitumba, na haijawahi kuunganishwa na intaneti. Mashahidi walikuja mmoja mmoja, wakazungumza mbele ya kinasa sauti, nikahamisha sauti zao kwenye kompyuta, kisha kinasa kikafutwa. Majina yao hatukuyaandika popote, na mwanasheria alijivunia sana jambo hilo. Sikubishana naye, lakini nilijua kwamba watu wa kwetu hawahitaji jina. Mtu akikohoa nyuma ya ukuta wanakwambia ni mtoto wa nani.

Kati ya sauti hizo ilikuwapo ya mama mmoja anayetembeza vitenge mitaani. Yeye peke yake ndiye aliyemwona kamanda wa wale wachomaji uso kwa uso, akamsikia akitoa amri. Na yeye peke yake ndiye aliyeacha mtoto kule. Kijana wake alichukuliwa na watu haohao, na mpaka siku ile tuliyorekodi alikuwa akiwachimbia madini. Kamanda akipata kujua kwamba mama amesema, kijana hataishi. Mama alilijua hilo, mwanasheria alilijua, na mimi nililijua. Hata hivyo, katikati ya maelezo yake alimtaja mtoto kwa jina, tena na tena, kama mtu anayemwita aje kula. Alipomaliza aliniuliza maneno yake yameenda wapi. Nikapigapiga kasha la kompyuta, lile ambalo wengi huliita sipiyu, nikamwambia yako humu ndani na hayatoki.

Sauti yake niliiacha iwe ya mwisho. Kila nikifika pale anapolitaja lile jina nilivua spika, nikachemsha chai, nikafungua sauti ya mtu mwingine. Nilijiambia kwamba nitaimaliza nikiwa na moyo mzuri.

Kwenye korido yetu hakuna aliyekuwa akifunga kufuli mchana. Unavuta mlango tu, unashuka uani kula katogo, unarudi. Siku moja nilirudi nikakuta kasha limegeuzwa. Parafujo moja ya kifuniko ilikuwa sakafuni, na kando ya ile ya pili palikuwa na mikwaruzo mipya, inayong'aa. Nikaangalia meza. Redio yangu ilikuwepo, birika lilikuwepo, hata shali yangu mpya ilikuwa juu ya kiti. Hapo ndipo nilipokaa chini sakafuni. Mwizi wa kawaida ningemlaani yeye na ukoo wake wote, kisha nikaendelea na kazi. Huyu aliacha redio akafuata kasha.

Nilipomfikia mwanasheria ofisini kwake nilikuwa nimeshalia njiani, na sikumficha. Aliniuliza kama sauti zote bado zipo. Zilikuwepo, nilikuwa nimezifungua moja moja. Akasema kwamba hilo halitoshi, kwani diski inaweza kutolewa, ikanakiliwa pengine, ikarudishwa mahali pake bila mwenyewe kujua. Akanikataza kuwaambia mashahidi kwanza, wasije wakatawanyika. Nilikubali, lakini usiku ule na uliofuata nilimwona yule kijana ambaye sijawahi kumwona, akiitwa atoke shimoni.

Mwanasheria alinielekeza kwa fundi mmoja Mkenya mwenye kibanda cha kompyuta karibu na soko la Kamwokya. Alikuwa mcheshi kupita kiasi kwa mtu aliyekuwa na hali kama yangu. Alikuja na begi lake, akakagua mikwaruzo, akasema aliyefanya hivi hakuwa na bisibisi. Halafu akasema tuweke kihisi cha kifuniko. Ni kiswichi kidogo chenye ulimi, kinafungwa ndani kwenye ukingo wa kasha. Kifuniko kikiwa mahali pake kinaukandamiza ulimi. Kikiinuliwa, ulimi unaruka, na ile bodi kubwa ndani ya kompyuta inaweka kumbukumbu kwamba imefunguliwa. Utakapowasha, itakuambia kabla ya kitu kingine chochote.

"Kwa hiyo kitanipa habari nikishaibiwa?" nikamwuliza.

"Ndio hivyo, madam. Hiki si mlinzi, hiki ni shahidi."

Sikulipenda neno hilo. Nilimwambia afanye kazi.

Alifungua kasha, akapuliza vumbi hadi nikapiga chafya, akanionyesha pini ndogo kwenye pembe ya bodi. Zilikuwa zimevalishwa kofia ya plastiki ndogo kuliko punje ya mchele. Kofia hiyo, alisema, ndiyo inayoidanganya bodi siku zote kwamba kifuniko kimefungwa. Akaivua kwa ncha ya kibano, akachomeka hapo waya wa swichi aliyoitoa kwenye kompyuta iliyokufa ya aina ileile. Akabadilisha pia betri, ile ya duara kama ya saa, kwa sababu ndiyo inayokiweka kihisi macho hata umeme ukikatika, na kwetu Kamwokya umeme hukatika kama una hasira na mtu. Mwisho akaingia kwenye mipangilio ya mwanzo, akakiwasha kihisi, akaniachia niweke neno la siri ili mtu asije akaifuta taarifa kabla sijaiona. Aligeuza uso ukutani nilipokuwa nikiandika. Hilo nililipenda.

Alipofunga na kuwasha, skrini ikawa nyeusi, yakatokea maandishi meupe ya Kiingereza: kasha limefunguliwa. Nilishtuka hadi nikashika ukuta, ingawa aliyelifungua nilikuwa nimesimama naye. Fundi akacheka. Kifuniko kilikuwa kimepinda kidogo kwa sababu ya uzee, kwa hiyo hakikuugusa ulimi. Akaukunja ulimi kwa kidole, akafunga tena, akanifanya nifute ile taarifa kwa mkono wangu. Safari hii kompyuta ikawaka kimya.

Angekuwa mtu mwingine angelala. Mimi kihisi kile kilinizidishia woga. Kila asubuhi nilibonyeza kitufe cha kuwasha huku nimefumba jicho moja. Ikiwaka kimya, nilijiuliza kama hakuna aliyefungua au yupo aliyefungua na anajua kukinyamazisha. Nilinunua kufuli jipya lenye funguo mbili, nikaacha kushuka kula, nikawa nafungia biskuti kwenye droo. Fundi cherehani wa mlango wa pili aliniuliza kama nimeokoka na kuanza kufunga.

Chini ya jengo letu kuna askari, Mganda wa makamo, mpole, mwenye bunduki kuukuu na redio ndogo. Kiswahili alijifunzia jeshini zamani, kwa hiyo na mimi alizungumza Kiswahili, kwa heshima sana, akifurahi kupata mtu wa kukitumia naye. Asubuhi moja alinisimamisha kwenye ngazi.

"Nyabo," akaniambia, "iko muntu analinda wewe. Kira siku."

Nikamwuliza wapi. Akanyoosha midomo kuelekea stendi ya bodaboda ng'ambo ya barabara. Niliangalia, nikaona pikipiki na vijana wake tu. Nikamwuliza ni mtu wa namna gani. Akasema ni mtu tu, mtu mzuri, hana kelele.

Sikuuliza zaidi. Kwetu, mtu akikulinda bila wewe kumwomba, maana yake kuna aliyemtuma. Aliilinda nyumba yetu mmoja wa namna hiyo, akiwa amekaa kwenye kigoda anakula karanga, wiki nzima, kabla hawajaja kumchukua baba yangu. Yeye pia hakuwa na kelele. Palepale kwenye ngazi nilishamjua yule wa stendi: mwanaume, mrefu, miwani ya jua, kofia iliyoshushwa. Hakuna aliyenieleza hivyo. Nilimchora mwenyewe kichwani, na tangu hapo nikaanza kumwona kila mahali. Nilimwona kwenye foleni ya maji, nikamwona kanisani safu ya nyuma. Nilihamia kwa muda kwa rafiki yangu, huko Luzira, upande wa Port Bell, na kila asubuhi nikipita karibu na gereza kubwa niliwaonea wivu wafungwa ukuta wao.

Kisha mwanasheria akaniita Nakasero. Alitaka tukae asubuhi nzima tupitie tafsiri zilizokamilika, maana tarehe ya mahakama ilikuwa inakaribia na sauti ya mama wa vitenge ndiyo aliyokuwa akiiulizia. Sikuweza kulibeba kasha kwenye bodaboda. Sikuweza kuliacha pia. Nikafikiri nani katika jengo lile ana bunduki. Nikashuka kwa askari, nikampa ufunguo wa pili, nikamwambia kwa Kiswahili chepesi nilichozoea kumwambia, bila madoido, asije akakosea.

"Ufunguo huu hapa. Yule mtu akija, linda chumba."

Aliupokea kwa mikono miwili. "Chumba. Sawa, nyabo. Nimesikia."

Nilikwenda nimetulia kidogo kwa mara ya kwanza tangu mambo hayo yaanze. Hata nilikunywa chai ya mwanasheria na maandazi yake.

Niliporudi mchana, kufuli lilikuwa limefungwa vizuri. Parafujo zote mbili zilikuwa mahali pake. Nikawasha bila hata kufumba jicho. Skrini ikawa nyeusi, yakaja maandishi meupe.

Nilisoma nikarudia kusoma, kana kwamba Kiingereza kingebadilika. Niliangalia nyuma ya mlango, nikaangalia chini ya meza, ambako paka tu ndiye angeenea. Nikaona kwamba kiti changu kimevutwa karibu na dirisha, nikawaza mtu yule amekaa hapo, mgongo wake ukigusa shali yangu. Nikamfikiria kijana aliye shimoni. Nikajaribu kupanga maneno ya kumwambia mama yake, na sikupata hata la kuanzia, kwa sababu kwetu habari ya namna hiyo haianzi kwa neno, inaanza kwa kuvua viatu mlangoni. Nilishuka ngazi pekupeku, nadhani niliviacha vyangu juu.

Askari alikuwa anasikiliza mpira. Nilimwuliza kwa sauti ambayo sikujua ninayo kama hakuna aliyepanda. Akasema amepanda, yule mtu wangu. Nikamwuliza alimwachaje.

"Si nilikwambia ulinde chumba?"

"Eeh, nyabo," akasema, akizima redio kwa adabu. "Nirimwambia alinde chumba. Nikafungulia yeye, nikampa kiti. Amelinda mpaka amechoka."

Nilimtazama mdomo. Neno lile nilikuwa nimelisikia sokoni kila siku ya Mungu, wauza nyanya wakikuambia linda kidogo natafuta chenji. Kwa Kiganda kulinda ni kungoja. Nilijua. Lakini kwa kuwa yeye alilisema ndani ya Kiswahili, nililisikia kwa Kiswahili, na mimi nikamrudishia kwa Kiswahili, naye akalisikia kwa Kiganda. Aliniambia kuna mtu ananisubiri. Nikamwagiza mtu huyo akija asubiri chumbani, nikampa na ufunguo wa kumfungulia. Mzee wa watu alifanya kazi yake barabara.

"Ni nani?" nikamwuliza.

"Ule mama ya bitenge. Kira siku analinda wewe, halafu anaogopa kupanda."

Nilimkuta nyuma ya jengo, amekaa kwenye kizingiti cha saluni iliyofungwa, furushi lake mapajani. Hakujaribu kukimbia. Nilikuwa na hasira ya kumzaba kibao na nilikuwa na furaha ya kumkumbatia, vyote viwili kwa pamoja, na nadhani aliviona vyote usoni mwangu. Nilimshika mkono tu, nikampandisha juu, nikamkalisha kwenye kile kiti alichokuwa amekikalia asubuhi.

"Nilikuya kutafuta sauti yangu," akasema. "Nilifungua, nikaona nyuzi tu."

Alitoa mfukoni kimkasi chake cha kukatia vitenge, akakiweka mezani mbele yangu kama mtu anayesalimisha silaha. Kisha akanieleza polepole. Kuna mwanaume alinunua kitenge kwake, akasema naye kwa lafudhi ya kwetu kabisa, akamwuliza kama watoto wake wote wako hapa Kampala. Pengine yalikuwa mazungumzo ya biashara tu. Lakini tangu siku hiyo hakuweza kumeza chakula. Akaja kuniomba nimtolee maneno yake, akakuta mlango umevutwa tu na mimi sipo, na kasha lile nililolipigapiga liko palepale. Alilegeza parafujo moja, akasikia viatu vya fundi cherehani, akatoroka. Baadaye akakuta kufuli jipya, akajua kwamba nimegundua, akawa anakuja kila siku kukaa karibu na stendi bila kupata nguvu ya kupanda.

Nikamwuliza kwa nini hakunipigia simu, mimi mtu wa kwao.

"Wewe ni wa mwanasheria, dada."

Iliniuma, kwa sababu nisingeweza kuikana. Nikamweleza ukweli kwamba bila yeye hakuna aliyemwona kamanda, na kesi inaweza kuanguka. Akasikiliza mpaka nikamaliza. Akasema kesi ni ya mwanasheria na mtoto ni wake. Simu ilikuwa mkononi mwangu na namba ya Nakasero ilikuwa ya kwanza kabisa. Niliigeuza simu kifudifudi juu ya meza.

Aliomba aisikie kwanza. Nilichomoa spika za masikioni, nikapunguza sauti hadi ikawa mnong'ono, tukainama wote wawili. Alijisikiliza kama anamsikiliza jirani mwenye habari mbaya. Lile jina lilipotokea mara ya kwanza alifunika kipaza sauti cha kompyuta kwa kiganja, na hakukiondoa tena. Akaniambia nifute. Nilifuta. Fundi alikuwa amenieleza kwamba kitu kilichofutwa kinaweza kufukuliwa kama hakijalaliwa na kitu kingine, kwa hiyo nikachukua flashi yangu ya nyimbo za kwaya, nikanakili nyimbo hizo juu yake, nikarudia na kurudia, mpaka diski ikakataa kupokea. Tulikaa tukiutazama ule mstari wa kijani ukijaa na kujaa. Nilikuwa na amani. Nilifikiri yeye pia anayo.

Akauliza, "Sasa imebaki wapi?"

Nilitaka kusema haipo popote. Lakini alikuwa ameniita mtu wa mwanasheria, na nilitaka ajue kwamba mimi ni wake pia, kwamba mateso yale hayakupotea hewani, kuna mtu anayebeba pamoja naye.

"Imebaki kwangu tu, mama," nikamwambia. "Mimi nimeisikiliza yote."

Aligeuka akanitazama. Alianzia miguuni, zile nyayo zangu zenye vumbi, akapanda taratibu mpaka mdomoni, akaishia hapo. Nimewahi kumtazama mtu hivyo, yule wa kigoda na karanga. Nilijua anachofikiri. Alifunga furushi lake, akachukua mkasi wake, akatoka bila kuaga.

Mwanasheria alikasirika siku nyingi, kisha akaenda mahakamani na vile alivyokuwa navyo. Namba ya mama wa vitenge haikupatikana tena, na chumba alichokuwa amepanga nilikuta kina mtu mwingine. Jina la mwanawe ninalo. Sijawahi kulitamka, hata nikiwa peke yangu, na nikiwa na homa namwomba rafiki yangu asilale karibu.

Mama wa vitenge nilimwona mara moja tu baada ya hapo, soko la Nakasero, muuzaji ameshampimia nyanya kwenye mizani. Nilimsalimia kwa Kiswahili cha kwetu, taratibu. Aliniangalia, akaangalia nyuma yangu kuona nimekuja na nani, akaziacha nyanya zake na kupotelea kati ya watu. Sikumfuata. Muuzaji akaniuliza kama nazichukua mimi.